Praima gani ninunue kwa majani makavu ya mkone?

Kisauni_Mkone:

Assalam aleikum waungwana, na shikamoo kwa wakubwa.

Niko Mombasa, nafanya shahada ya uzamili juu ya mkone na jamaa zake, yaani jenasi Grewia, wale wa misitu yetu ya pwani kuanzia Shimba Hills mpaka Arabuko-Sokoke. Nataka kuchora filojenia yao, nijue nani ndugu wa karibu wa nani. Majani mabichi ninayo ya spishi chache tu: mkone wenyewe (Grewia plagiophylla), G. forbesii na G. truncata. Zilizobaki sina ila kwenye karatasi za hebariamu, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Nimepewa ruhusa ya kukata vipande vidogo, na umri wa majani haulingani. Mengine ni ya miaka ya 1990, mengine ya 1950, machache yamezidi hapo.

Hali ilivyo mpaka sasa: nanakili kipande cha DNA kwa PCR, kwa jozi ya praima (nyuzi fupi za DNA zinazoanzisha unakili kila upande), kisha natazama bendi yake kwenye jeli. Jeni rbcL ya kloroplasti, kwa praima rbcLa-F na rbcLa-R, inatoa bendi safi kwa majani mabichi, inafifia kwa yale ya 1990, na kwa ya 1950 jeli ni giza tupu. matK, jeni nyingine ya kloroplasti, kwa praima 3F na 1R za KIM, haijatoa kitu kwenye jani kavu lolote. Iliyonifurahisha ilikuwa ITS, kipande cha kwenye kiini cha seli, kwa praima ITS5 na ITS4. Bendi nene, mpaka kwenye karatasi ya kale kuliko zote! Mfuatano uliporudi nikaulinganisha na yaliyomo GenBank, hazina ya mifuatano ya DNA, kumbe ni Cladosporium. Nimesoma DNA ya ukungu, jani limekaa pembeni latazama.

Msimamizi wangu hataki kuachana na rbcL na matK kwa sababu ndizo wataalamu wa dunia walizokubaliana mwaka 2009. Fedha zilizobaki zatosha praima chache, si ishirini. Ninunue zipi? Nitumie zilizokwisha chapishwa au nibuni zangu?

Na kabla sijasahau: kutoa DNA kwenyewe ni mtihani. Nikisaga jani nikitia bafa linageuka utelezi, pipeti haivuti.

jani_kavu:

Chukua praima g na h za trnL, jeni ya kloroplasti, zile za Taberlet na wenzake za 2007. Kipande chake ni besi (herufi za DNA) 10 mpaka 143 tu, bila kuhesabu praima zenyewe. Kinatoka hata kwenye kinyesi cha mnyama aliyekula majani. Maliza kazi.

Mama_Maabara:

Marahaba mwanangu, na waleikum salaam.

Alokujibu hapo juu kakupa praima nzuri kwa swali usilouliza. Kipande hicho, P6, kitakwambia jani ni la familia gani, pengine jenasi. Kwa Grewia na Grewia mwenziwe, besi hizo hazitoshi kuchora ukoo. Lakini usizitupe g na h, nitazirudia.

Mie nimezeekea maabara za pwani hii, na kila mwanafunzi ajaye na bahasha za hebariamu huanza na swali lako: praima gani. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni DNA yako imebaki na urefu gani. Praima mbili haziwezi kunakili uzi uliokatika kati yao. Ikiwa vipande vilivyomo kwenye jani vimebaki vya besi 150 au 200, nawe umeagiza jozi inayotaka besi 800 na ushei za matK, hakuna kimeng'enya duniani kitakachokuunganishia. Ndio maana rbcL yako, ambayo ni kama besi 600, inafifia kadiri karatasi inavyozeeka. Jeli yako imeshakujibu, isome.

Kuhusu matK kuna jambo jingine, nalo halihusu umri. Jeni hiyo inabadilika haraka, ndiyo sababu inapendwa. Sasa inabadilika haraka mpaka pale praima inapopaswa kushika. Familia nyingi zinaikataa hata kwa jani lililochumwa asubuhi. Mwambie msimamizi wako kwa adabu kwamba makubaliano ya 2009 yalikuwa juu ya kutambua spishi, mtu aweze kuokota jani akajua ni la nini. Hayakuwa juu ya kupanga ukoo ndani ya jenasi moja. rbcL yabadilika polepole mno. Kwa Grewia zako huenda zikatofautiana besi chache tu. Iweke kwa kuhakikishia kwamba jani ni la Grewia kweli, usiipe kazi ya kuchora mti.

Haya, za kununua.

Anza na trnL, ndiyo itakayokuokolea fedha. Wengi hununua c na d kwa introni, kipande kinachokaa katikati ya jeni hiyo, e na f kwa nafasi iliyo kati ya trnL na jeni jirani yake trnF. Ni praima za 1991 na mpaka leo zashika karibu kila mmea. Taabu ni kuwa c mpaka d ni mbali kwa jani la 1950. Sasa zirudie g na h. Zote mbili zimekaa ndani ya introni iyo hiyo, g ikielekea mbele, h ikirudi nyuma. Basi tia c pamoja na h katika mrija mmoja, g pamoja na d katika mrija wa pili. Utapata vipande viwili vinavyopandana, cha c na h kifupi, cha g na d kirefu zaidi, na P6 iliyomo kwenye vyote viwili inasomwa mara mbili. Umepata introni nzima kwa praima nne na hujabuni kitu. Ukiwa na akiba ongeza e na f. Hizi hapa, zote kutoka 5' kwenda 3' (ncha ya mwanzo na ya mwisho ya uzi):

c: CGAAATCGGTAGACGCTACG
d: GGGGATAGAGGGACTTGAAC
g: GGGCAATCCTGAGCCAA
h: CCATTGAGTCTCTGCACCTATC
e: GGTTCAAGTCCCTCTATCCC
f: ATTTGAACTGGTGACACGAG

g ni fupi kuliko wenziwe na jozi hizi hazikubuniwa pamoja, kwa hivyo fanya gredienti ya joto, yaani jaribu joto kadhaa kuanzia nyuzi 50 kupanda, kwa jani bichi kwanza. Usichezee joto kwa jani la hebariamu, utamaliza DNA yako ukijifunzia.

ITS usiiache, ndiyo pekee kati ya hizi inayotoka kwenye kiini cha seli. Kloroplasti kwa mimea mingi hurithiwa kwa mama tu. Mti wa kloroplasti na mti wa ITS zikipingana, hapo ndipo penye hadithi, pengine spishi zako zilichanganya damu. Lakini ITS5 na ITS4 zilibuniwa 1990 kwa ajili ya kuvu, ati unashangaa zimekuletea kuvu! Jani lililokaushwa kwa unyevu wa huku kwetu lina kuvu waliokuwa wakiishi ndani yake likiwa hai, tena lina ukungu uliolivamia kabla halijakauka. DNA ya hao wa mwisho ni changa kuliko ya jani. Ukitia praima inayowapenda wote, mwenye DNA ndefu hushinda.

Tafuta zile za Cheng na wenzake za 2016. Majina yake yana herufi: p ni ya mimea peke yake, u inashika wote. ITS-p5 na ITS-p2 kwa nusu ya kwanza, ITS-p3 na ITS-u4 kwa nusu ya pili. p2 na p3 zimekaa karibu mahali pamoja, mwanzoni mwa 5.8S, jeni iliyo katikati ya ITS, zimepeana mgongo. Vipande viwili hivyo havipandani, besi zilizo chini ya praima hutazipata, na hupotezi kitu maana 5.8S haitofautiani kwa ndugu wa karibu hivyo. Tia DMSO asilimia 5, ITS ina G na C nyingi na inajikunja.

trnH–psbA, nafasi iliyo kati ya jeni mbili za kloroplasti, watakushauri watu, nami nakukataza. Ina mistari mirefu ya A na T inayoivuruga mashine ya kusoma, na ina kipande kinachopinduka kichwa chini miguu juu. Spishi mbili zisizo ndugu zikipinduka kila moja kivyake, kompyuta itazihesabu ndugu. Mwenye muda wa kuvitafuta vipinduko hivyo kwa macho na aitumie.

Sasa huo utelezi. Mkone ni Malvaceae, nyumba moja na bamia, zamani wakiuweka Tiliaceae. Ukisaga jani lake unasaga bamia, hakuna ajabu. Punguza jani: miligramu 20 zitakupa DNA safi kuliko 100. Kabla ya CTAB, ile bafa ya kutolea DNA, osha unga wa jani kwa bafa ya sorbitoli, tikisa, sentrifuji, mwaga maji ya juu, rudia mpaka yaache kuvutika. Kisha CTAB yenye chumvi nyingi, PVP na merkaptoethanoli kwa ajili ya tanini.

Na kwenye PCR tia BSA, protini inayoshika uchafu. Bendi isipotoka usikimbilie kubadilisha praima. Zimua DNA mara kumi, kisha mara hamsini. Mara nyingi jeli ikiwa giza DNA ipo, kuna uchafu unaokizuia kimeng'enya. Kuna njia ya kujua: chukua mchanganyiko wa jani bichi unaotoa bendi siku zote, uutilie tone la DNA ya jani kavu. Bendi ikitoweka, mchawi ni uchafu. Ikibaki, basi DNA ya jani kavu ndiyo haba au imekatika mno.

Kisauni_Mkone:

Mama, Mungu akuweke. Hiyo ya c na h, g na d, hakuna mtu aliyewahi kunionyesha.

Nina mawili. Kwanza, nikitaka kubuni praima za ndani, tuseme kuikata ITS au rbcL vipande vifupi zaidi kwa yale majani ya kale, naanzia wapi? Pili, karatasi kadhaa zimeandikwa kwa penseli pembeni kwamba kielelezo kilitiwa spiriti. Hiyo ina maana gani kwangu?

Mama_Maabara:

La spiriti nawaachia wenye karatasi zao. La kubuni ni langu.

Anza na majani mabichi. Soma ITS nzima ya spishi zako tatu, uongeze mifuatano ya Grewia iliyomo GenBank na ya Microcos, ambayo zamani ilikuwa ikichanganywa na Grewia. Ipange yote safu kwa safu. Tafuta mahali ambapo besi 20 hivi hazibadiliki kwa yeyote. Huwezi kuzipata 20 kamili? Basi hakikisha zile tano za mwisho upande wa 3' ni sawa kwa wote, kwa kuwa hapo ndipo kimeng'enya kinapoanzia kuandika. Tofauti ikiwa upande wa 5' itasameheka. Herufi za kubahatisha kama R na Y ziweke mbali na mwisho huo, na zisiwe nyingi.

Kisha geuza swali: praima hiyo isimshike nani? Weka mfuatano wa Cladosporium uliokuletea kero katika safu iyo hiyo. Palipo na tofauti kati ya Grewia na kuvu, hapo ndipo pa kuweka mwisho wa 3'. Yaani ule mfuatano ulioutupa ndio ramani yako. Ufukue.

Mengine unayajua: besi 18 mpaka 25, G na C kati ya asilimia 40 na 60, joto la kuyeyuka la wawili lisipishane zaidi ya nyuzi tano, isijikunje yenyewe. Programu ya Primer3 itakuhesabia bure.

Vipande lazima vipandane, na hapa wengi huteleza. Sehemu iliyo chini ya praima si habari za jani. Ni herufi ulizonunua mwenyewe dukani. Lazima kipande cha jirani kiifunike. Chukua rbcL ya besi 600: cha kwanza 1 mpaka 240, cha pili 190 mpaka 430, cha tatu 380 mpaka 600. Zile 50 za kupandana zatosha praima mbili za besi 20, moja ya kila kipande, na nafasi kidogo kati yake.

Jambo moja la fedha. Mashine ya kusoma DNA kwa njia ya Sanger haisomi vizuri besi 30 mpaka 50 za mwanzo. Kwa kipande cha 800 hujali. Kwa kipande cha 200 ni hasara ya robo. Hizo fupi ziagize zikiwa na mkia wa M13 upande wa 5': TGTAAAACGACGGCCAGT kwa praima ya mbele, CAGGAAACAGCTATGAC kwa ya nyuma. Kisha usomeshe kwa praima za M13 zenyewe, pande zote mbili. Zile besi za mwanzo zisizosomeka zitaangukia zaidi kwenye praima yako, ambayo si habari za jani, na maabara ya kusoma kwa kawaida huwa nazo M13 zao, huhitaji kutuma.

Kimeng'enya kiwe Taq ya kawaida. Usidanganywe ununue Pfu na jamaa zake za kujisahihisha. DNA ya zamani C zake hugeuka U, na Pfu ikikuta U inasimama pale pale. Taq hupita. Ndiyo, itakuandikia T mahali pa C hapa na pale, kwa hivyo tofauti moja iliyotokea katika jani moja tu, tena C kuwa T au G kuwa A, irudie kwa PCR mpya kabla hujaiamini.

Na kila ukitoa DNA, weka mrija mtupu usio na jani upitie hatua zote mpaka kwenye jeli. Vibichi na vikavu visikutane meza moja. Chembe ya jani bichi iliyoruka itashinda kila DNA ya kale uliyo nayo, tena itakupa jibu zuri la Grewia, usijue.

mzee_wa_karatasi:

Salaam kwenu. Nimetumikia hebariamu miaka mingi kabla sijarudi Likoni, nitasema la spiriti.

Mkusanyaji akiwa msituni mvua inanyesha, hana pa kukaushia, huweka mimea kwenye magazeti, akafunga furushi, akalimwagia alkoholi ili lisioze mpaka afike mjini. Njia hiyo huitwa kwa jina la Schweinfurth, Mjerumani aliyetembea sana Afrika. Kwa kuangalia umbo la ua na jani, kielelezo kinatoka salama. Kwa DNA ni msiba. Alkoholi inaingia polepole, haikaushi mara moja, na vimeng'enya vya jani lenyewe vinapata muda wa kukata DNA. Kielelezo cha 1990 kilichotiwa spiriti mara nyingi ni kibaya kuliko cha 1950 kilichokaushwa juu ya moto siku ile ile. Basi kijana, usipange vielelezo vyako kwa mwaka. Vipange kwa namna vilivyokaushwa.

Wengi hawakuandika. Tazama rangi. Jani lililobaki na ukijani lilikauka haraka. Lililogeuka kahawia iliyokoza au jeusi liliteseka. Spishi nyingine hubadilika rangi hata zikikaushwa vizuri, lakini ukilinganisha karatasi kadhaa za spishi moja hutakosea sana. Ukiwa na karatasi tatu za spishi moja, omba ile ya kijani hata kama ni ya zamani.

Hebariamu ya Afrika Mashariki pale Nairobi ilianzia Amani, Tanganyika ya Mjerumani, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi 1950. Nakala za namba moja ya mkusanyaji hugawiwa hebariamu kadhaa. Kwa hivyo karatasi ya Nairobi ikikataa, soma jina la mkusanyaji na namba yake, uulize nani mwingine ana namba hiyo. Hildebrandt alikusanya hapa Mombasa miaka ya 1870, na vielelezo vyake vingi vya Berlin viliteketea hebariamu ilipopigwa mabomu Machi 1943. Wanaovitafuta leo huvifuata kwenye nakala zilizopelekwa kwingine.

Kielelezo cha aina, kile ambacho jina la spishi liliandikiwa, usikiguse hata ukiruhusiwa kwa mdomo. Kipande kilicho ndani ya kibahasha kinavutia kwa kuwa hakiharibu karatasi, lakini mwulize mtunzaji kama ana hakika kimeanguka kutoka karatasi hiyo. Nimeona vibahasha vyenye majani ya mti mwingine kabisa. Ukishakata, acha kikaratasi chenye jina lako, tarehe na ulichokata, na namba ya kielelezo iingie GenBank pamoja na mfuatano. Mfuatano usio na karatasi nyuma yake hakuna atakayeweza kuuhakiki jina likibadilika.

Vaa glavu. Hebariamu nyingi za zamani zilipaka vielelezo kloridi ya zebaki kuzuia wadudu, na zebaki haivukizi ikaisha. Usisagie meza unayonywea chai.

besi_na_biti:

Niko Nairobi, naomba radhi kwa kuwaharibia mazungumzo. Mbona tunahangaika na PCR? Vipande vifupi ni tatizo la PCR tu. Mashine za kisasa zinataka vipande vifupi. DNA mbichi watu huikatakata makusudi ndipo waisome. Jani la 1950 limeshajikata lenyewe. Kuna Angiosperms353, nyavu za kunasa jeni 353 za kwenye kiini, zilizotolewa 2019 kwa mimea yote inayochanua. Ule mti mkubwa wa mimea uliochapishwa 2024 katika jarida la Nature, zaidi ya spishi 9,500, ulitumia vielelezo vingi vya hebariamu, na kimoja kilikusanywa Nepal 1829. Kwa jeni mbili tatu, kaka, wahakiki watakuuliza kwa nini.

Mama_Maabara:

Kaka wa Nairobi asema kweli na simpingi. Ingekuwa fedha ipo ningemwambia mwanangu aanzie huko.

Lakini tusome alichoandika: fedha zatosha praima chache. Praima moja fupi ni bei ya chakula cha mchana. Kutayarisha sampuli moja kwa nyavu na kuisoma ni hesabu nyingine, na hailipi mpaka upakie sampuli nyingi kwa pamoja. Tena DNA ikivuka mpaka kwenda kusomwa kuna vibali: kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za 2006 juu ya rasilimali za kijenetiki, na makubaliano ya kuhamisha sampuli na wenye hebariamu. Anayetaka kumaliza shahada aanze kuviomba mapema, au afanye kinachofanyika hapa hapa.

Ninalomshauri ni atoe DNA mara moja, kwa uangalifu, atumie kidogo kwenye PCR, inayobaki aigawe mirija miwili na kuigandisha nyuzi 20 chini ya sifuri, friza mbili tofauti, kwa sababu ya umeme wetu. Siku mradi mkubwa ukipatikana, DNA ya nyavu ipo na karatasi haikatwi tena. Kwa wakati huu ITS na trnL–F zitamwonyesha makundi makubwa. Matawi ya ndani yatakosa nguvu, na aandike hivyo hivyo kwenye tasnifu. Wahakiki si majini.

Kisauni_Mkone:

Nimewasikia wote. Kesho naagiza: trnL c, d, g, h, e na f; ITS-p5, p2, p3 na u4. Zote kumi zatosha bajeti. rbcL ninayo. matK nimeiondoa, na nimemwandikia msimamizi barua ndefu ya heshima. Mzee, nitarudi kuzipanga bahasha zangu kwa rangi. Nimeangalia picha nilizopiga, na kweli baadhi ya zile za miaka ya 1990 ni nyeusi kuliko za kina babu.

La mwisho: praima zinakuja kwa posta, na joto hili la Mombasa. Zitafika zima? Na nazimuaje?

Mama_Maabara:

Zinakuja kavu, unga usioonekana kwa macho, hazijali joto la siku chache njiani. Zikishatiwa maji ndipo zataka baridi.

Juu ya mrija pameandikwa nanomoli. Zidisha kwa kumi, hizo ndizo mikrolita za bafa ya TE utakazotia, upate mikromola 100. Imeandikwa 23.4? Tia mikrolita 234. TE iwe ya EDTA kidogo, milimola 0.1, kwa sababu EDTA nyingi inaila magnesi ya PCR yako. Acha dakika kumi, tikisa. Kutoka hapo fanya akiba ndogo ndogo za mikromola 10 za kutumia kila siku, na ule mrija mkuu usiuguse ila akiba zikiisha. Ukiuchafua huo mkuu kwa DNA ya jani bichi, kila jani kavu litakalofuata litakuwa mkone.

Na kabla hujaufungua uzungushe kwenye sentrifuji. Unga hupanda kwenye kifuniko njiani, ukifungua kwa pupa unaupeperusha na feni.

Matokeo ya c na h kwa jani la 1950 yaweke hapa, hata kama ni giza.